Mikono ya Mwamvita

Mtu wa kwanza kunipongeza kwa kunenepa alikuwa muuza chumvi wa soko la Kasongo. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, kama unavyomshika mtoto aliyemaliza chakula chake, akawaita wenzake waje waone.

"Mama Raphaël amerudi na mashavu! Dhahabu ya mwanawe kule Salamabila sasa imejua njia ya mdomoni."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Alikuwa ameniongezea konzi ya chumvi bila kuombwa, na mtu aliyekupa kitu kwa moyo mweupe ni vigumu kumkatiza furaha yake mbele ya watu.

Sikuwa nimenenepa. Kitenge nilichofunga kiunoni kilizunguka mara mbili na kubaki. Kilichojaa usoni kilikuwa maji. Yalikaa chini ya kidevu upande wa kushoto, yakapanda hadi shavuni na kwenye kope, na kila asubuhi nilipoamka nilikuta kwenye kioo mwanamke ambaye ningemwamkia kwa heshima kama ningekutana naye njiani, maana simjui. Kufikia mchana alipungua kidogo, nikaanza kujitambua.

Mwaka uliotangulia, madaktari wa Kampala walinitoa uvimbe chini ya ulimi. Ulikuwa saratani. Wakatoa pia tezi za shingo upande huo, kisha wakanichoma kwa mionzi wiki sita, mpaka mate yakakauka mdomoni. Mwishoni walinambia ugonjwa hauonekani tena, nikapiga ishara ya msalaba. Lakini zile tezi zilikuwa kama mifereji ya kupitishia maji ya mwili, na mifereji ikishaondolewa, maji hukaa pale yalipofika.

Hayo nilielezwa na Katembo, mtu wa Butembo mwenye mvi juu ya masikio, ambaye kazi yake katika hospitali ile ilikuwa kuwafundisha wagonjwa namna ya kuyasukuma maji hayo kwa mikono yao wenyewe. Alinisemesha Kiswahili chetu cha Kongo, jambo ambalo peke yake lilikuwa dawa. "Mama, hii haiponi kama malaria," alisema. "Hii utaishi nayo kama mtu anavyoishi na shamba. Kila siku unalipitia kidogo." Akanionyesha: mkono mwepesi, mwepesi mno, usiokandamiza nyama bali unaovuta ngozi peke yake. Hakuna maji ya moto. Hakuna nguvu. Jua kali pia nilikimbie. Siku ya kuondoka alinipa karatasi aliyoichora yeye mwenyewe, kichwa na kifua cha mwanamke vikiwa na mishale ya kuonyesha mkono upite wapi. Alikuwa amemvika mwanamke huyo hereni kubwa, ili nicheke. Nikacheka, ingawa mdomo haukufunguka vizuri.

Nyumbani niliifuata karatasi siku tisa.

Nitasema kwa nini niliacha, maana wengi wangeniona mvivu. Tangu nilipopasuliwa, ngozi yangu kutoka sikioni hadi kwenye mfupa wa bega haina fahamu. Nilikaa kwenye kiti mbele ya kioo, mume wangu yuko kaburini mwaka wa kumi na mmoja, binti zangu wameolewa mbali, Raphaël yuko Salamabila kwenye biashara yake ya dhahabu, na mimi najipapasa shingo isiyosikia. Ilikuwa kama kupapasa mkono wa kiti. Watu wa mtaa walikuwa wema kwangu, waliniletea sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa laini, na uji wa mchele, ila walinipa mkono haraka na macho yao yakalikwepa kovu. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kunigusa na kuuacha mkono wake ukae. Siku ya kumi niliikunja karatasi nikaitia ndani ya kitabu cha sala.

Ndipo Mwamvita akaja.

Nyumba yake iko upande wa pili wa njia. Ni Mwislamu, mjane kama mimi, mdogo wangu kwa miaka kama minne, ndiyo sababu ananiita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa huku kwetu. Kazi yake ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Mwamvita huitwa. Siku arobaini anakwenda na maji ya moto, majani yake na mafuta ya mawese, na mwanamke aliyeingia kitandani amepinda anatoka amenyooka. Mikono yake inajulikana kuanzia sokoni hadi njia ya kwenda mtoni Lualaba. Alasiri moja, baada ya sala, aliingia kwangu na beseni linalotoa mvuke, akasimama ananitazama.

"Yaya, uvimbe huo unakuangalia, nawe unauangalia. Nani ataanza?"

"Mwamvita, acha. Hospitali wamesema..."

"Lopitali iko mbali. Mimi niko hapa. Inamisha kichwa."

Nikainamisha.

Alikamua kitambaa, akakilaza shingoni, kisha akaingiza vidole vyake ndani ya nyama kwa nguvu ya mtu anayekanda unga. Nami nikamsikia. Chini ya ile ngozi iliyokufa, ndani kabisa, joto lilifika, na nguvu ya mkono wa mtu ilifika. Machozi yakanitoka, naye akadhani ni maumivu. "Vumilia," alisema, "wote wanalia siku ya kwanza." Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nalia kwa sababu kuna mtu.

Alikuja kila siku isipokuwa Ijumaa. Nilifagia uani mapema, nikaweka kigoda chake mahali pasipo na jua. Alinisimulia habari za mtaa wote: nani amejifungua pacha, nani amemkimbia mumewe hadi Lusangi na kurudishwa na mama yake, namna mwanawe Djuma alivyonunua pikipiki na sasa anaipangusa kuliko anavyooga. Alipomaliza aliuliza, "Imepungua?"

"Imepungua," nilisema.

Haikupungua. Nyama ya shingo ilikuwa ikigeuka kuwa ngumu kama ubao. Mtu akiniamkia kutoka kushoto nilimgeukia mwili mzima, kama mlango. Wali ulikataa kupita, nikarudi kwenye uji. Baadaye uji nao ukawa wa kumeza kwa vituo. Raphaël alipopiga simu kutoka kwenye kilima wanakopandia kutafuta mtandao, sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mama, wafanyabiashara wanaotoka huko wananambia umenona! Nimemshukuru Mungu."

"Ndiyo, mwanangu," nilisema. "Mungu yupo."

Kila alasiri niliuliza moyoni: leo nimwambie? Kisha nilisikia kandambili zake njiani na beseni likigonga lango, nikasema kesho. Siku hizo zikawa miezi miwili.

Homa ilinishika siku ya Jumanne. Niliamka ninatetemeka, shingo imekuwa nyekundu, inang'aa, ya moto kuliko maji yoyote ya Mwamvita. Yeye ndiye aliyenikuta. Hakupiga kelele. Alinifunga kitenge kifuani kama mtoto, akampandisha Djuma kwenye pikipiki, akanipakia nyuma yake, naye akafuata kwa miguu hadi kituo cha afya, viatu vyangu mkononi kwa sababu mimi sikuwa na nguvu ya kuvivaa.

Muuguzi aliyenipokea anaitwa Théophile. Alinikagua shingo bila haraka, akanusa, maana harufu ya mawese na majani haikuwa imeondoka.

"Bibi, nani amekupika shingo?"

Nilijua kwamba Mwamvita amefika. Nilisikia pumzi yake mlangoni, pumzi ya mtu aliyetembea haraka.

"Ngozi hii imechomwa na mionzi," Théophile akaendelea, "haitaki moto mwingine. Ukiikandamiza, inapasuka mahali usipopaona, wadudu wanaingia. Nitakupa dawa, homa itashuka. Lakini sikiliza. Maji haya yakizidi kupanda kwa ndani, yatafunga njia ya pumzi. Hapa hatuna mtu wa kukutoboa koo. Usimruhusu tena huyo aliyekufanyia hivi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amekwishaniwekea mto wa pili mgongoni huku akisema hayo. Mwamvita aliingia, akaviweka viatu vyangu chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine, vimenyooka, akatoka.

Nilibaki nikitazama dari. Yeye hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa na karatasi.

Nilirudi nyumbani baada ya siku tano. Alasiri ya kwanza niliweka kigoda uani kwa mazoea, kisha nikakirudisha ndani. Ya pili sikukitoa. Njia ile ina upana wa mikokoteni miwili, lakini Mwamvita aliivuka kichwa kikiwa upande mwingine, na mimi, kwa shingo ile, nisingeweza kugeuka haraka kumwahi.

Nikaifungua karatasi. Asubuhi, kabla kengele ya shule ya misheni haijalia, nilikaa na kuvuta pumzi hadi tumboni mara tano. Nikaanza pale Katembo alipoanza, kwapani, mbali na uvimbe. Kisha juu ya mfupa wa bega. Kisha upande mzima wa shingo, ule wa kulia, ili ufungue njia. Ndipo mwisho nikagusa upande mgonjwa, mkono mwepesi kama unapangusa unga juu ya kitambaa bila kukikunja. Nilisikia kwa kiganja tu. Shingo yenyewe ilikaa kimya. Nililala nimekaa nusu, mgongo kwenye gunia la pumba za mpunga. Jioni nilijifunga kidevu kwa kile kitambaa cha kubana nilichopewa Kampala, na jirani mmoja aliponiona dirishani alidhani ni jino, akanitumia karafuu tatu kwenye karatasi. Nilizipokea. Sikuwa na la kufanya nazo, nikazitia kwenye chai.

Baada ya siku kumi na mbili jicho langu la kushoto lilifunguka sawa na la kulia. Wali laini ulipita. Ningefurahi zaidi kama kungekuwa na mtu wa kumwambia. Tena palikuwa na mahali ambapo mkono wangu haukufika: nyuma ya shingo, chini ya nywele. Bega langu la kushoto halipandi tangu waliponipasua, na mkono wa kulia, nikiuzungusha, unaishia sikioni. Huko nyuma maji yalibaki, na kila asubuhi yalirudi mbele kutokea huko. Karatasi ilionyesha wazi mshale wa sehemu hiyo, na kando yake Katembo alikuwa ameandika maneno mawili: *mtu mwingine*.

Siku hiyo nilikwenda sokoni. Muuza chumvi alininong'oneza kwamba wameanza kusema. Kwamba Mwamvita nusura aniue. Kwamba msichana aliyejifungua nyuma ya msikiti ameletewa mkandaji kutoka mtaa mwingine. "Wewe ulipona kwa bahati, Mama Raphaël," alisema kwa huruma. Nikamwambia kosa ni langu. Akanipapasa mkono, kama mtu anayesikia maneno ya homa.

Sikukaa nyumbani. Nilipita tu kuchukua kitabu cha sala dirishani, karatasi ikiwa ndani yake, nikavuka njia.

Mwamvita alikuwa kwenye kinu, anatwanga majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Karibu. Umekuja na askari?"

"Nimekuja na karatasi."

"Mimi herufi za Wazungu sizijui. Nilisoma za chuoni tu, za Kurani. Kama ni barua ya kunishtaki, nisomee wewe mutu wa masista."

"Haina herufi nyingi. Ina mishale." Niliitoa, nikaifungua kwenye magoti. Sauti yangu siku hizi ni ndogo, ikabidi nisubiri mchi uinuke ndipo niseme. "Ni ya hospitali. Inasema mkono mwepesi. Inasema hakuna maji ya moto."

Mchi ulibaki juu.

"Wamekuletea lini?"

"Sijaletewa. Nilikuja nayo."

"Ulikuja nayo kutoka Kampala?"

"Ndiyo."

"Kabla sijakuletea beseni?"

"Kabla."

Aliuegemeza mchi ukutani taratibu, akaufuta mkono wake kwenye kitenge, upande mmoja, kisha wa pili. "Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili nachemsha maji, nachuma majani mpaka kule bondeni, magoti yananiuma. Nakuuliza, imepungua? Unasema, imepungua. Masista walikufundisha kusoma ili usome, halafu ufiche?"

"Ungejua, usingekuja tena."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyenambia. Nilikuwa nimejiambia mwenyewe.

"Weye muke," alisema. "Weye muke, ningekuzika! Ningekaa matangani kwako nakula wali wa watu na kulia, sijui kwamba ni mimi. Ungenifanyia hivyo?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sitaki." Akaketi kwenye mkeka, mbali kidogo, mgongo kwangu. Kuku mmoja alikuja kudonoa majani yaliyoruka kinuni, wala hakumfukuza. Tulikaa hivyo mpaka nikafikiri ni vyema niondoke. Nilianza kuikunja karatasi.

"Lete," alisema bila kugeuka.

Aliishika kichwa chini miguu juu, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho. "Hereni hizi ni zako?"

"Alichora ili nicheke."

"Ana mkono mzuri." Kidole chake kilifuata mshale wa kwanza, kikarudi, kikafuata tena. "Mbona anaanzia kwapani? Uvimbe uko huku juu."

"Ndivyo alivyofundisha. Sijui kwa nini."

Niliona vidole vyake vikicheza hewani, kama vinavyocheza akiwa kazini. Kisha akageuka mzima, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amesahau kwamba amekasirika.

"Titi la mzazi likijaa maziwa, likawa jiwe, mimi siendi kwenye jiwe. Wajinga ndio wanakwenda kwenye jiwe, mtoto wa watu anapiga kelele. Naanza mlangoni, kwenye chuchu, nalainisha hapo kwanza. Mlango ukifunguka, jiwe linakuja lenyewe." Alipiga karatasi kwa ukucha. "Mutu huyu anajua. Anafungua mlango kwanza. Mimi najua kitu hiki, yaya! Nakifanya kila mwezi! Mbona sikukifikiri kwenye shingo?"

"Hukuonyeshwa."

"Sikuonyeshwa," alirudia, na akanitazama ili nijue kwamba hilo bado halijaisha kati yetu. Huenda halitaisha. Niliyapokea macho yake, sikuyakwepa.

"Pale nyuma mkono wangu haufiki," nikasema.

Alikwenda kunawa mikono, akanawa kwa sabuni, muda mrefu, hadi viwiko. Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi. Alipiga magoti nyuma yangu, akakifungua kilemba changu na kukiweka mapajani mwangu, akaniambia nivute pumzi. Alianza kwapani. Hapo nilimsikia vizuri, kwa sababu hapo bado ni mimi. Akaja juu ya mfupa wa bega, polepole, huku akinong'ona hesabu zake za chuoni. Kisha sikujua tena yuko wapi.

Majirani walipita njiani. Mmoja alitoa salamu, akasita kidogo alipotuona, akaendelea. Mbele yangu kulikuwa na kinu na ukuta, na nyuma yangu kimya. Mkono mwepesi hauna sauti. Nilingoja. Nilifikiri labda ameacha, labda ameketi tu anaitazama ile shingo iliyomharibia jina, na sikuthubutu kugeuka.

"Hapa unasikia?" aliuliza.

Ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu lake la siku zote, lile zuri, lenye adabu.

"Hapana," nikasema. "Hapo sisikii kitu."

Kisha pumzi yake ikakaribia sikio langu la kulia, lile zima.

"Basi nitakwambia," alisema Mwamvita. "Sasa niko chini ya nywele. Sasa nakuja sikioni. Tulia, usijikaze. Sasa nashuka."